Mama Amenifungia Ndani Hadi Mvua Inyeshe

Mshauri mpendwa,

Tafadhali nisaidie, maana sina mwingine wa kumuuliza. Mimi ni msichana wa miaka kumi na minne, niko darasa la saba, na nilizaliwa na ngozi isiyo na rangi, yaani zeruzeru. Ninaandika nikiwa ndani ya nyumba yetu hapa Kisumu Ndogo, Kibera, mlango umefungwa, mama ameenda kuuza dagaa wa omena, na nje nawasikia wenzangu wakipita kwenda shuleni, na hii ni wiki ya pili sijaenda.

Shule yetu iko upande wa Kawangware, ni mwendo wa saa nzima kwa miguu, na tangu Januari jua limekuwa kali, kwa hiyo kila asubuhi mama alikuwa ananipaka mafuta ya kupikia usoni na mikononi, kwa sababu anaamini ngozi ikiwa kavu ndiyo huungua. Lakini nilizidi kuungua, pua ikachubuka, na sikio la kushoto lina kidonda ambacho hakijapona tangu kabla ya Krismasi. Nikitoka jasho mafuta yananuka, na wavulana huniuliza, "Mzungu, leo umekaangwa pamoja na nini, samaki ama viazi?" Nakaa dawati langu peke yangu na wakati wa mapumziko sitoki. Mwenzangu Kalekye tu ndiye hunipa daftari lake ninakili, kwa sababu ubaoni sioni vizuri, halafu hukimbia kucheza.

Jirani yetu Mama Mabrouka, ambaye ni Mnubi na Mwislamu, aliniona siku moja nikirudi nimekuwa mwekundu, akasema, "Wewe mtoto, unaiva kama andazi na mimi nakaa tu naangalia?" Akanipa mtandio wake wa pamba, mpana, unaofunika masikio na shingo mpaka mikononi. Nikamwambia sisi ni watu wa kanisa. Akasema, "Kwani jua limekuuliza dini?"

Hapa ndipo nilipokosea. Sikumwambia mama. Niliuficha mtandio kwenye mfuko wa vitabu, nikawa nauvaa nikishavuka reli, na jioni nauvua kabla ya kufika nyumbani, na kwa wiki tatu sikuungua. Kisha Mama Jentrix wa kanisani kwetu aliniona barabarani, na Jumapili akamuuliza mama mbele ya watu, "Huyu wako siku hizi anaswali msikiti gani?" Mama alinishika mkono tukaondoka. Tulipofika nyumbani alilia, akaurudisha mtandio kwa mwenyewe, akaniambia nikae ndani mpaka mvua ianze, kwa sababu nisipojifunika nitaungua, na nikijifunika yeye atachekwa.

Mtihani wetu ni mwaka huu na bado natumaini kupita. Nimtii mama, au nitoroke asubuhi nikaombe mtandio tena?

Nasambu,
Kibera, Februari 1977

Nasambu,

Mtu anayeandika vizuri hivi hawezi kuachwa ndani akingoja mawingu. Lakini kwanza nikugombeze. Ulimficha mama yako kwa wiki tatu, ndiyo maana alipoulizwa mbele ya watu aliaibika. Muombe msamaha leo, na usitoroke.

Ukishamaliza, msomee maneno haya. Mama Nasambu, najua unampaka mtoto mafuta kwa mapenzi, lakini mafuta ya kupikia hayazuii jua hata kidogo. Acha. Na nikuulize: wewe na Mama Jentrix mkienda kanisani hamfungi vitambaa? Ukiuza omena juani hujifungi leso kichwani? Basi huyu binti anakihitaji kitambaa kuliko ninyi wote. Kama mtandio unakutia hofu, nunua kitambaa cha rangi ya sare, fundi amshonee kofia ya ukingo mpana unaofunika masikio na shingo, na shati la mikono mirefu. Kisha mwendee Mama Mabrouka umshukuru. Ulimrudishia kitu chake kana kwamba alikukosea.

Sasa kuhusu hicho kidonda, Nasambu. Kidonda cha zaidi ya miezi miwili kwenye ngozi kama yako kinaweza kuwa mwanzo wa ugonjwa mbaya, nao ukiwahiwa hutibiwa. Daktari akague ngozi yako yote, na yeye ndiye atakayekuambia dawa ya kujipaka. Usinunue krimu kwa kuambiwa na mwenye duka. Na mvua mnayoingoja haitakusaidia, kwa sababu jua hupenya hata siku ya mawingu, kwa hivyo jifunike kila siku, toka nyumbani mapema, na saa za mchana kaa kivulini. Mama yako amwone mwalimu mkuu, uruhusiwe kofia hata mkiwa mstarini asubuhi, na uketi mbele, mbali na dirisha lenye jua.

Wale wavulana watachoka. Lakini Kalekye, je, umewahi kumwomba abaki nawe? Wenzako wakikuona ndani kila siku hudhani unapenda kukaa peke yako. Mwombe. Akikataa, mwombe siku nyingine.

Umeshapoteza wiki mbili. Jumatatu uwe hospitali na mama yako, na Jumanne uwe darasani, umejifunika.