Kwa Aune, Aliyeniacha Niwashe Jiko Bandani

Leo mwaka umetimia, Aune, tangu ulipofumba macho asubuhi ile ya Aprili, barafu ya ziwa ikiwa bado nzima. Wengine huandika mistari miwili gazetini. Mimi nimeomba nafasi zaidi, kwa kuwa nina jambo la kukwambia, na nataka waliokujua walisome pia.

Kwanza wakumbuke ulivyokuwa. Miaka thelathini na mmoja ulipeleka barua visiwani kama baba yako, kwa boti ileile ya injini aliyoiunda mwenyewe kwa mbao za msonobari. Mjane wa kisiwa cha mwisho hakuwa na mtu wa kumwandikia, lakini ulimpitia kila Ijumaa ukamsomea gazeti. Ulipenda kahawa isiyo na sukari na mkate wa iliki uliolala. Ulipiga mluzi ukiwa kazini bila kujua kwamba unapiga.

Ulipostaafu, boti ilikaa bandani hadi mkuku, ule uti wa mgongo wa boti, ukaoza. Kisha ukaamua ifufuliwe. Urho, fundi wa injini, na Lempi, aliyepaka rangi meli maisha yake yote, wakaja kila Jumamosi kwa msaragambo, bila malipo. Mimi mumeo, niliyesoma shule ya jioni miaka minne baada ya zamu za kiwanda cha mbao, nilileta vitabu.

"Eino," uliniambia, "kitabu hakishiki msumari. Njoo ushike hapa."

"Mwache asome," Lempi akasema. "Akisoma haharibu ubao."

Mlinicheka hadi nami nikacheka.

Mkuku mkaubadilisha, na mataruma sita, zile mbavu za boti, na mbao nne. Ndipo ugonjwa wa mapafu ulipokulaza. Mwezi wa Januari ulikuwa na ombi moja tu, kukaa karibu na boti. Nje maji yaliganda ndooni kabla hujafika mlangoni. Nikachukua jiko la chuma, nikaliweka bandani, nikalilisha kuni kutwa nzima. Ulikaa kwenye kiti cha bembea, blanketi magotini, ukisugua ubao kwa msasa pale mkono ulipofika. Nilijivuna sana. Kitabu kilisema vanishi hukauka vizuri penye joto.

Urho alipoingia siku ya kwanza alivua kofia, akalitazama jiko, kisha akakutazama wewe.

"Funga mlango, Urho," ukasema. "Joto la mzee wangu linatoka."

Akafunga.

Miezi miwili baada ya mazishi tukaishusha boti majini. Urho alikataa kuifunga injini. "Itangoja," alisema, nami sikumwelewa. Maji yakaingia kati ya kila ubao na mwenzake. Kahawa haijachemka, boti ilikuwa imekaa chini kando ya gati, ukingo wake tu ndio unaonekana. Jiko langu lilikuwa limezikausha mbao, zikasinyaa, zikaachana.

"Nimeiua boti ya Aune," nikasema.

"Hujaua kitu, mzee," Urho akasema. "Mbao zikinywa maji huvimba. Zikikubali, zitafunga."

"Na zisipokubali?"

"Ni kuukuu hizo. Huenda zikapasuka."

"Kwa hiyo mlijua?"

Lempi ndiye aliyejibu, huku akikaza kitambaa kichwani. "Nani ziwani hapa asiyejua kwamba banda la boti halipashwi moto? Nilitaka kukwambia siku ileile. Aune akanishika mkono. Akasema, 'Ukimwambia, nikifa nitarudi kukusumbua. Mwache anipashe joto. Boti itakunywa maji.'"

Nilikasirika, Aune. Mtu mzima, tena niliyesoma, nimefichwa jambo ambalo kila mtu wa ufuko huu analijua! Siku nne sikuzungumza nao. Nilishinda gatini peke yangu, nikiitazama kazi ya mikono yenu iliyozama kwa sababu yangu. Siku ya tano Urho akaja na samaki waliokaangwa kwa siagi, akaketi kando yangu, tukala.

Siku ya tisa tuliyafua maji, tukayamwaga ziwani kwa ndoo. Kufikia jioni yalikuwa yamerudi hadi magotini. Siku ya kumi na nne tukayafua tena, na Lempi akapitisha kiganja chake katika kila ungio, polepole, kutoka omo hadi tezi, mbele hadi nyuma. Ubao mmoja ulikuwa umepasuka, tuliubadilisha Julai. Maungio mengine yote yalikuwa yamefunga. Mwezi wa Agosti Urho akafunga injini, binti yetu Kaarina akashika usukani, tukapita visiwa vyote vya njia yako ya barua.

Tangu siku ile gatini nimejiuliza ningefanya nini kama ungeniambia. Najua jibu. Ningelitoa lile jiko siku hiyohiyo, kwa kuwa napenda mambo yafanywe sawasawa, nawe ungemaliza siku zako chumbani ukitazama ukuta. Uliona kwamba boti ya baba yako ingeweza kupotea, na bado ukachagua nisiambiwe. Hasira imekwisha, mke wangu. Asante kwa kuniacha nikosee.

Unakumbukwa na mumeo Eino. Binti yako Kaarina na mumewe Pentti. Mjukuu wako Saara. Mdogo wako Irja. Na rafiki zako Urho na Lempi.

Hatutakusahau, Aune, maadamu tunapumua.