Mfaransa Hakati Kona

Jumatatu, 15 Julai

Baridi ya kukata masikio. Nimewasha Mfaransa — gari langu hilo, si mtu — nikakata usukani kutoka uani. Kelele zake! Kama nguruwe aliyeona kisu. Na usukani mzito. Mikono yangu hii ni chuma, Antsirabe nzima inajua, lakini jasho limenitoka. Chini ameacha dimbwi la mafuta mekundu.

Mke wangu Rahely yuko dirishani. Mzee wewe, gari linalia, lipeleke kwa fundi. Nikamwambia halilii, linaimba.

Jumamosi ndiyo siku, mnajimu ameshasema. Tunamtoa kaka Ralambo kule Betafo, tulikomzika kwa muda mvua ilipokata barabara. Tunampandisha kilimani, kaburi la ukoo. Na atakayemwendesha kaka ni mimi! Nimesema mbele ya ukoo mzima. Mkwe wangu Tsilavina akachekea kiganjani. Nimemwona. Yeye ana gari jipya, usukani wa umeme, anauzungusha kwa kidole kimoja kama anachokonoa pua.

Jumanne, 16 Julai

Tsilavina kaja na fundi Ndrema. Nani kawaita? Wanataka kufungua boneti. Nimewafukuza! Gari la kubeba mfu liguswe Jumanne, siku ya mwiko? Vijana hawa watatumaliza.

Tsilavina eti, baba, pampu haijui Jumanne. Pampu haijui, nikamwambia. Kaka anajua.

Jumatano, 17 Julai

Nimetengeneza mwenyewe. Nimefungua kikopo cha mafuta ya usukani — kikavu! Ndio ugonjwa wote huo, na mafundi wangenizungusha wiki nzima. Nikamimina mafuta yaliyokuwa stoo. Hayakufika kwenye mstari.

Sasa, safari ya kumchukua mkubwa haianzi bila ramu. Tone la ardhi, tone la waliotangulia. Wengine humwagia gurudumu. Gurudumu linaumwa nini? Dawa hupewa mgonjwa. Nimempa pampu kikombe kimoja, na mimi kimoja. Mstari ukafika.

Na usukani ukalainika! Nimezunguka uwanja wote Rahely akitazama. Akasema, hee. Hee yake naijua. Ni ya kushindwa.

Alhamisi, 18 Julai

Mlio umerudi. Mbwa wa jirani wanaitikia.

Ijumaa, 19 Julai

Nimemruhusu Ndrema afungue. Nimemruhusu, sikumwomba. Ndani povu tupu, kama sabuni ya kufulia. Akachovya kidole, akanusa. Akanusa tena. Mzee, haya mafuta yamelewa.

Rahely kacheka hadi akakaa chini. Tsilavina aligeukia ukuta, mabega yanamtikisika. Kama ramu haifai mbona juzi ilifaa?

Ndrema kamwaga povu lote, kaweka mafuta safi, kakaza mkanda, kafunga raba paipu yenye ufa. Kaniamuru nizungushe usukani kushoto, kulia, kushoto, hewa itoke. Kaniamuru, mimi! Paipu mpya na pampu zitatoka mji mkuu wiki ijayo. Kwenye tambarare utafika mzee, anasema, lakini ile kona ya kilimani siahidi. Na usikate ukiwa umesimama.

Ndipo Tsilavina akaja na sauti ya asali. Baba, marehemu apande gari langu, wewe ukae mbele ushike picha yake. Nishike picha! Kaka ndiye aliyenifundisha usukani, enzi ambazo usukani ulitaka wanaume. Nikamwambia picha atashika yeye.

Jumamosi, 20 Julai

Naandika nikiwa garini. Chini kidogo ya kaburi, kwenye kona.

Tambarare tumepita kama kisu kwenye siagi. Bendera juu, kaka nyuma ndani ya mkeka wake, tarumbeta kwenye lori. Nikawa nawapungia watu mkono! Tukaingia kona — paaa! Moshi. Mafuta barabarani. Usukani jiwe. Nikasimama nusu kona, pua ya Mfaransa inachungulia korongo.

Kurudi nyuma haiwezekani, mfu akishaelekezwa nyumbani hageuzwi. Kwenda mbele lazima nikate. Nimevuta mpaka mabega yamelia. Haukusogea hata upana wa ukucha.

Mashangazi wanacheza barabarani, wanadhani nimesimama kwa heshima. Waache wadhani. Nimetoa daftari ili nionekane nina shughuli.

Tsilavina anagonga kioo. Baba, shuka nikate mimi. Sishuki! Baba, marehemu anasubiri. Asubiri, alikuwa na subira kunishinda. Siku ile ya kwanza niliposhindwa kukata kona, hakuniambia nishuke. Aliweka mikono yake juu ya yangu, tukakata. Hakumwambia mtu.

Tsilavina ameacha kugonga. Amezunguka upande wa pili. Amesimama tu, anapulizia vidole vyake, hacheki.

Nimefungua mlango. Wa abiria.

Ameingia. Nimemwambia, wewe shika chini, mimi juu, wenzako wasukume. Na dereva ni mimi. Akasema, ndiyo baba. Mikono yake baridi kama samaki. Amewapungia vijana, wako tayari nyuma, tarumbeta zimenyamaza, kila mtu anatutazama —

Anasema, baba, basi weka kalamu chini.