Redio ya Kogo Haikulia

Ijumaa, tarehe mbili Januari. Baridi na ukungu.

Mwaka hata sijazoea kuuandika na tayari nimeshaogopa hofu ya mwaka mzima. Nimeketi kwa sakafu ya jikoni na sweta mbili, blanketi kwa magoti. Dirisha liko wazi, baridi inaingia inavyotaka. Sitalifunga leo.

Mnaokaa Nakuru mnajua Januari yetu. Mchana jua na vumbi, asubuhi baridi ya kung'ata masikio, halafu mambo yanaendelea. Mwaka huu mvua imekataa kwenda. Tangu Krismasi mlima wa Menengai haujaonekana vizuri, ukungu umeukalia, na hapa mtaani Section 58 nguo zinakaa kwa kamba mpaka zinaanza kunuka.

Na ploti yetu, jengo zima la wapangaji, ni tupu. Kila Desemba ni hivyo: watu wanaenda ocha, kwao mashambani, wanakuachia funguo na maua ya kumwagilia, na wewe uliyebaki unageuka mwenye ploti bila kuulizwa. Mimi hubaki kwa sababu ya keki ninazooka za kuuza. Watu wakisherehekea, mimi ndiye niko kazini. Kwa orofa yetu tulibaki wawili tu, mimi na Kogo.

Kogo si jina lake. Ni nyanya kwa Kikalenjin. Kijana wake, Kibet, ndiye aliniambia nimwite hivyo, mimi Mkikuyu ambaye sijui neno lingine lolote la lugha yao. Kibet anaendesha lori, Mombasa mpaka Malaba. Baba yake alipofariki alimtoa mamake huko juu Mau akampangia nyumba inayopakana na yangu. Ukuta ni mmoja. Kabla hajaondoka kwa hii safari ya mwaka mpya alinipatia ufunguo wa mamake, nikautundika kwa msumari kando ya gesi.

"Niangalilie mathe," akasema. "Nimemwambia asiwe anaweka komeo."

Siku hiyo alifanya na kitu kingine, kwa upendo kabisa. Alikata godoro kuukuu vipande vipande, akaziba yale matundu ya hewa juu ya madirisha ili mamake asipigwe na baridi. Mimi ndiye nilimshikia stuli. Na msinicheke, kwa sababu hata nyinyi mmeziba. Yangu niliziba na kalenda za zamani. Ingia ploti yoyote hapa uangalie juu, utaona katoni, magazeti, hata soksi.

Sasa, Kogo amezeeka na moto. Jioni anawasha jiko la makaa kwa balkoni, anangoja moshi uishe na makaa yawe mekundu, halafu analibeba ndani analiweka karibu na miguu. Nilimwambia ni hatari. Nikarudia. Akanicheka tu vizuri, akaniuliza huo moshi ninaouogopa uko wapi. Kwao watoto wake wote wamelala kando ya moto na hakuna aliyekufa. Nilijaribu kumweleza kwamba ile nyumba ya Mau ilikuwa ya mbao, upepo unapita hata ukiukataza, na hii ni simiti na vioo, na kwamba kile kinachoua, ile hewa ya makaa, hakina moshi wala harufu. Akanimiminia chai.

Najua kinachoua kwa sababu nilikiona. Julai, ile baridi kali, kwa ploti ya nyuma yetu mama mmoja na mtoto wake hawakuamka. Jiko lilikuwa sebuleni. Nilikuwa kati ya majirani waliosimama kwa ngazi mlango ulipovunjwa. Tangu siku hiyo mimi si mtu wa kufungua milango.

Basi nikajipatia njia yangu ya kumwangalia Kogo. Kila asubuhi anafungua redio, stesheni ya Kikalenjin, sauti juu kabisa. Nikiisikia kwa ukuta, roho inatulia. Sielewi kitu, lakini kwangu yule mtangazaji huwa anasema jambo moja tu, kwamba Kogo ameamka.

Leo hakusema.

Nilidhani stima imepotea. Nikabonyeza swichi, taa ikawaka. Nikajiambia labda amechoka, jana tulikula sana, nilimpelekea chapati na akanipa maziwa ya kibuyu. Nikajiambia wazee hulala wakati wa baridi. Nikakaa hapo na soksi mkononi, nikisikiliza ukuta.

Halafu nikatoka. Korido ilikuwa na giza la ukungu. Viatu vyake vya plastiki vilikuwa nje ya mlango, vimepangwa vizuri, ncha zikiangalia ukuta. Nikainua mkono nibishe.

Hapa wacha niseme ukweli, kwa sababu shajara ni yangu.

Sikubisha.

Mkono uliganda hapo hewani. Nilikuwa nafikiria hivi: nisipobisha, Kogo amelala. Nikibisha na asijibu, basi ni kitu kingine, na nitakuwa nacho peke yangu kwa ploti nzima. Niliona zile ngazi za Julai. Nikateremsha mkono, nikarudi kwangu, nikafunga mlango polepole kama mwizi.

Na unajua nilifanya nini? Nilianza kazi.

Kuna oda ya kesho. Familia fulani inaenda ruracio huko Njoro, wanapeleka mahari, na wanataka keki ya orofa. Nikachekecha unga, nikapasua mayai kwa bakuli. Mashine yangu ya kupiga mayai iliharibika kabla ya Krismasi, kwa hivyo siku hizi napiga kwa mkono. Leo niliyapiga kama mtu aliyekosewa na mayai. Niligonga bakuli kwa nguvu kusudi nisisikie vile ukuta umenyamaza. Yakafura, yakawa meupe, na bado niliendelea. Nilipopumzika kidogo ule ukimya ukarudi, nikapasua mengine. Haki sijui nilikuwa nangoja nini.

Simu ikalia. Kibet.

Alikuwa amefika Salgaa, si mbali na hapa, amesimamisha lori anywe supu. Nilisikia magari na watu wakicheka nyuma yake. Akanitakia heri ya mwaka mpya. Akasema amepata nyama nzuri ya kondoo na anataka kumuuliza mathe kama achukue mguu ama mbavu, lakini mathe hashiki simu. Kwani ako sawa?

"Bado amelala," nikamwambia. "Baridi ni mingi."

Yaani nilisema hivyo, na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Akacheka, akasema basi atachukua mguu.

Alipokata, nilibaki nikimwona akipanda zile ngazi na nyama mkononi. Sijui kwa nini ni hiyo nyama iliyoniamsha. Nilichukua ufunguo kwa msumari na mkono wenye unga, nikatoka mbio.

Mlango ulifunguka kirahisi. Hakuwa ameweka komeo, alimtii Kibet. Ndani kulikuwa na joto zuri. Hilo ndilo linaniogopesha mpaka sasa, vile lilikuwa joto zuri, la kukufanya utake kuketi. Hakuna moshi. Hakuna harufu. Jiko lilikuwa kando ya kitanda, majivu juu, wekundu kidogo chini. Na Kogo alikuwa kwa sakafu, kati ya kitanda na mlango, leso imemzunguka miguu, uso umegeukia ukuta wangu.

Nilipiga kelele. Najua nilipiga kwa sababu Mzee Barasa, mlinzi wa geti, aliisikia akiwa chini na akaja. Lakini kabla hajafika nilikuwa nimefungua madirisha yote, na nilikuwa namvuta Kogo kwa makwapa kuelekea korido, na nilikuwa namwambia ni mimi, ni mimi, ni mimi. Macho yalikuwa wazi. Yalinifuata. Alitapika kwa sweta yangu, na sijawahi kufurahia kutapikiwa hivyo.

Mzee Barasa alimbeba mgongoni mpaka chini kama anabeba mtoto wake, na jirani wa ng'ambo ya barabara akatupeleka hospitali na gari lake. Wakamwekea oksijeni. Daktari, msichana mdogo tu mwenye macho ya kukosa usingizi, alisema tumefika wakati mzuri, kwamba Kogo angekaa pale zaidi tungekuwa tunaongea mengine. Alisema wakati wa baridi huwa wanaletewa wengi na si wote huongea tena. Halafu akaniuliza alipatikana vipi.

Nikasema redio haikulia. Akanisifu kwa kuwa jirani mzuri. Nikaangalia chini, kwa vile viatu vyangu vyenye unga.

Kibet, niliyempigia simu tukiwa njiani, alifika hospitali mchana na ile nyama, imefungwa kwa gazeti, hakukumbuka kuiacha kwa lori. Alinishika mikono yote miwili na hakuniachilia. Aliniita dadake. Alisema Mungu ndiye aliniweka kwa huo ukuta. Alikuwa analia na mimi nilikuwa nalia, kila mtu na sababu yake.

Kogo alikuwa ametolewa ile kitu ya puani. Midomo imekauka lakini akili imerudi. Alimwambia Kibet kwa Kikalenjin maneno mengi, kisha akanigeukia, akataka na mimi nisikie kwa Kiswahili. Alisema aliamka asubuhi kichwa kinapasuka, akataka kufika mlangoni, miguu ikakataa. Sauti pia ikakataa. Akaanguka. Akadhani ndiyo basi.

"Halafu mimi naskia wewe napiga mayai," akasema. Akatabasamu kabisa. "Kila asubuhi mimi naskia. Nikasema, yeye iko hapo tu. Atakuja."

Woi.

Kumbe mimi sikuwa peke yangu kusikiliza ule ukuta. Wakati wote huu nimekuwa nikimwangalia, naye amekuwa akiniangalia vilevile, bila kuniambia. Na leo alilala kwa simiti akihesabu mapigo yangu kama matumaini, na mimi nilikuwa napiga kwa nguvu ili nisimsikie.

Kibet akasema, "Umeona? Alijua utakuja." Nikaitikia na kichwa. Nilimwambia Kogo apumzike, nikasema naenda kuangalia oda. Nikashuka ngazi za hospitali haraka nisije nikaulizwa kitu.

Sasa ni jioni. Nimetoa vipande vyote vya godoro kwa madirisha yake, na kalenda zangu zote. Jiko nimempelekea Mzee Barasa, akae nalo getini, nje, chini ya anga. Nyumba zote mbili ni baridi kama kisima. Keki ya Njoro lazima itoke, sina namna, na bakuli liko hapa karibu na goti langu. Kila nikinyanyua ule waya wa kupigia mayai nauteremsha. Naogopa ile sauti.

Kesho wanamruhusu kurudi. Kibet atalala hapo kwa siku kadhaa, halafu barabara itamwita na tutabaki wawili tena. Nitabisha kila asubuhi kabla ya kuwasha gesi, redio ilie isilie. Hilo nimeliamua na sitalibadilisha.

Lakini atafungua mlango, atanikaribisha chai, atanisifu tena mbele ya watu. Je, nitaweza kumwambia kwamba nilikuwa nimeshafika hapo mlangoni, mkono juu, kabla sijapasua yai la kwanza?