Oili Nyekundu Niliyolinywesha Gari Lako

Mama Zainabu wa moyo wangu, hata kama moyo wenyewe uliuacha huku Jericho ukahamia kwa fundi wa Tassia,

Jana nilikuona ukipita sokoni na lile gari lako jeupe. Hukusimama. Liliondoka kwenye tuta kwa ulaini, bila kushtuka, nikashika kiuno nikasema, kumbe linaweza! Wivu ulinipanda nikakosa hata matusi, na unajua matusi mimi huwa sikosi.

Unakumbuka siku ulipolileta kwangu? Ulitoka Majengo na leso ya njano na chupa ya chai ya tangawizi. Ukaniuliza, "Baba Odongo, una hakika na oili yake?" Nikachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, nikasugua oili kwa vidole, nikanusa kama mpishi. Ndivyo nilivyofundishwa: gari la otomatiki ni oili nyekundu, basi. Ukasema, "Lakini hapa kwa kijiti pameandikwa kitu." Nikakujibu, "Mama, mimi natengeneza magari, sisomi magazeti." Ulicheka mpaka leso ikaanguka. Nikamimina nyekundu.

Wiki ya pili gari likawa linatetemeka kila likiondoka. Ya tatu, ukikanyaga linanguruma tu, haliendi. Hapo ndipo nilipovaa miwani nikasoma kijiti. Giaboksi yako ni ile ya mkanda, CVT, na ina oili yake peke yake. Lakini wewe nilikuambia gari limezeeka. Limezeeka! Namwambia nani, na mimi nina meno sita?

Ukalipeleka kwa Kimani wa Tassia, na hukurudi tena, wala kwa gari wala kwa chai. Nasikia siku hizi tangawizi inanywewa kwake.

Basi leo asubuhi nikaenda kumchungulia, nikijifanya natafuta gasketi. Niliomba Mungu nikute karakana chafu. Wapi! Ovaroli yake haina doa. Fundi gani hana doa? Akanivutia kiti, "Karibu, mzee wangu." Nikamchokoza, "Wewe ndiye yule anayeiuliza simu oili ya kuweka?"

Hakukasirika, mshenzi yule. "Naangalia kijiti kwanza, mzee. Kikiwa kimefutika, natafuta kwenye simu kwa namba ya chesisi. Nikibahatisha nitaua gari la mtu. Kama lile la Mama Zainabu, lilikuja na oili si yake. Nilimwaga nikajaza mara mbili ndipo likapona. Alisema aliyemuuzia gari ndiye aliyeharibu."

Aliyekuuzia! Kumbe ulijua, na ukanifunika.

Ningeweza kunyamaza, nirudi Jericho na jina langu safi. Mdomo ukanisaliti: "Hakuna cha muuzaji. Ni mimi, kwa mkono huu."

Kimani akanitazama, kisha akacheka polepole. "Ndiyo maana! Kila nikimtukana huyo muuzaji, Mama ananigombeza. Siku moja alitaka kunirushia kikombe."

Mama Zainabu, maneno hayo nimerudi nayo njia nzima nikitabasamu kama mjinga. Bado namwonea wivu yule kijana, na macho yake yanayosoma maandishi madogo bila miwani. Gari mpelekee yeye, ndiye anayejua linakunywa nini. Hata chai mpe, nitameza mate. Lakini ile hasira ya kurusha kikombe, nakuomba, usiwahi kukasirika hivyo kwa ajili ya mwanamume mwingine.

Ni mimi, fundi wako mbishi,
Baba Odongo