Kalenda ya Mama Vlasta

Barking, London
9 Novemba 2003

Mpendwa kaka yangu Kyalo,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi. Wewe na wifi hamjambo? Goti la mama limepata nafuu? Sisi tu wazima. Mwanangu Ryan amenipita urefu, na bado ukimsalimu kwa Kiswahili anakujibu Kiingereza.

Barua yako ilinikosesha raha. Eti umemfungia mwanao Musembi rangi zake za kuchorea stoo mpaka akubali kusomea uhasibu! Kabla hujazitupa, hebu nisikilize.

Siku hizi namtunza mama mkongwe, Mcheki, jina lake Vlasta. Kiingereza alichoongea miaka yote kimemtoka. Amebaki na lugha ya kwao, nami siielewi hata neno. Ukutani alikuwa na kalenda ya 1994. Mimi na akili zangu za Machakos nikatundika mpya ya kanisani, ile kuukuu nikamfunikia Ryan vitabu vya shule. Karatasi nene, inang'aa! Si ndivyo tulivyofunika vyetu?

Kyalo, mama wa watu akagoma kula. Anautazama ukuta, analia. Mwanawe, Douglas, ndiye aliyenieleza kuwa analilia kalenda yake, nikakimbia nyumbani kubandua.

"Mum, that's my maths book!" Ryan akalalamika, nami nachokonoa selotepu kwa kucha.

Picha zile ni za Josef Mánes, mchoraji wa Praha wa karne ya kumi na tisa. Alizunguka vijijini akichora wakulima na mavazi yao, akazipamba nyimbo zao kwa michoro, na saa kubwa ya mji akaichorea miezi kumi na miwili ya maisha ya shambani. Machi wanalima, Desemba wanachinja nguruwe, kama sisi na mbuzi wetu. Alikufa 1871, akili imemruka, maskini. Lakini mkono ule, kaka! Nilipoirudisha kalenda, Vlasta alimgusa yule mlimaji kwa kidole, akacheka, akafungua mdomo nimlishe. Nililia mimi.

Kwa hiyo mrudishie kijana rangi zake. Uhasibu atasoma akipenda. Kwanza anichoree mama yetu akichuma mbaazi, na kilemba chake cha kijani.

Nisalimie mama, wifi na Musembi mwenyewe. Mungu awanyeshee mvua ya kutosha. Na picha iwe kubwa. Siku Kiingereza kitakaponitoka na mimi, Ryan hajui Kikamba. Angalau awe na kitu cha kunionyesha.

Dada yako akupendaye hata akikugombeza,
Mwende