Siku Niliyomtoa Projest Kazini

Jumamosi. Manyunyu tangu alfajiri, na ukungu umelala juu ya ziwa mpaka mchana.

Nimerudi kutoka Kagoma nimeloa. Tumemzika mama yake Projest. Nilikwenda nikiogopa.

Projest alikuwa rafiki yangu na fundi mwenzangu. Ufundi tulijifunzia jeshini, tukapita vitani pamoja, kisha tukapata kazi hapa Bukoba kwenye karakana ndogo ya ndege za kukodi. Ilifungwa zamani. Ndege zetu zilipeleka wauguzi na kuleta wagonjwa. Sheria yetu ilikuwa moja: mmoja akitengeneza, mwingine anakagua. Hakuna anayekagua kazi ya mikono yake mwenyewe.

Kisha ukimwi ukaingia; tuliuita ugonjwa tu. Tulitoka msiba huu tukaingia ule. Migomba ikakosa wa kuipalilia. Projest alizika kaka zake wawili, halafu mkewe. Matanga yalipoisha tu alirudi kazini, macho mekundu. Mkuu wetu alimpa pole, akampa kazi.

Alibadilisha nyaya za chuma zinazoendesha vibawa, vile vipande vya nyuma ya mabawa vinavyoilaza ndege kulia au kushoto. Nilipokagua, nilizungusha usukani kulia. Vibawa vikaenda kinyume. Nikarudia, nikidhani mimi ndiye nimechanganyikiwa.

Nyaya zilikuwa zimepishana. Rubani angetaka kulia, ndege ingelalia kushoto.

Nje, wauguzi walikuwa wamekaa juu ya mizigo yao wakicheka.

Nilimwita Projest. Alitazama, akaketi sakafuni.

"Tuzirekebishe, waitu, ndugu yangu," akasema. "Asijue mtu. Nikitolewa kazini watoto watakula nini? Na watu watasema ni ule ugonjwa."

Huenda kweli ulikuwa mwilini mwake tayari. Sikumuuliza. Nilichokiona ni mtu ambaye hajalala kwa siku nyingi.

Tungeweza kurekebisha tukanyamaza. Lakini kesho angeshika spana tena, na siku moja ningekuwa mimi niliyetoka msibani, mimi niliyechoka, nami nisione. Nikaenda kwa mkuu.

Hakumfokea. Alisema kuanzia siku ile anayetoka msibani asiguse ndege mpaka apumzike, na mshahara wake usikatwe. Ilikuwa sheria nzuri, na ilidumu. Ila Projest ndiye aliyekuwa wa kwanza kupumzishwa, na mtaani wakasema kilekile alichokiogopa.

Hakurudi tena. Alihamia kwa mama yake Kagoma na watoto. Nilipomtembelea aligeukia ukutani. Mwaka uliofuata tukamzika.

Leo, baada ya mazishi, dada yake Adventina alinifuata migombani. Miaka yote hii hajawahi kuitikia salamu yangu.

"Kaka yangu alikuwa amebakiwa na kazi tu," akasema. "Ukamnyang'anya."

Nikamweleza. Nyaya, usukani, wauguzi waliokuwa wakisubiri. Hakuwa amewahi kuambiwa. Mvua ilikuwa ikitunyeshea wote wawili.

"Hao wauguzi walijua?"

"Hapana. Waliambiwa ndege imechelewa. Mmoja alinung'unika."

Adventina akalia. Hakulia kwa sauti kama kaburini. Machozi yalishuka tu na hakuyafuta. Nilitaka kumwomba msamaha, lakini sikujua naomba kwa lipi. Nyaya zile zingeua watu. Na mimi nilimpoteza rafiki.

"Watoto wake wamekua wakiambiwa baba yao alifukuzwa kwa sababu ya ugonjwa," akasema mwishowe. "Mkubwa hataki hata kulitaja jina la baba yake. Waambie wewe. Mimi hawataniamini."

Kisha akanivuta mkono twende tukale.

Sijui kama amenisamehe. Alinipakulia ebitoke, ndizi zetu za kupika, akakaa karibu nami.

Kesho baada ya misa nitakwenda kwa yule mkubwa. Amekuwa mtu mzima sasa, ana watoto wake. Nitaanzia wapi? Nikianza na nyaya, atasikia kwamba baba yake alikosea. Nataka asikie kwanza jinsi alivyokuwa amechoka.