Makofi ya Asubuhi Mbagala

Mama,

Mwakeye. Nimekuamkia kwa makofi kabla ya kushika kalamu, taratibu, magoti nimeyakunja kidogo kama ulivyotaka, kwa hiyo usianze kusema mji umenitoa adabu.

Baada ya kukuzika Katonga, kando ya ziwa, nimerudi Dar, chumba kilekile cha Mbagala, kazi ileile ya kutengeneza mafeni. Joto la huku ndilo linalonilisha. Vyumba vyetu vinatazamana, korido katikati, na kuta ni nyembamba hata kikohozi cha jirani nilikijua kabla ya sura yake. Watu wanajua luku yangu ya umeme inaisha lini, wanajua nimekaanga nini. Jina langu hawana haja nalo. Wananiita Mha, basi.

Unakumbuka ulichoniambia siku naondoka, ukigeuza dagaa mchangani? "Mji ambao jirani hakuulizi umeamkaje, ukifia ndani watakujua kwa harufu." Nilicheka. Lakini neno hilo lilipanda treni nami, likashuka nami.

Ndiyo maana, wewe ukingali hai, nikaanza kuwaamkia majirani. Asubuhi naweka ndoo chini, nainama, napiga makofi, naulizia mtu, watoto, mguu unaouma, na kuku kama yupo. Mara ya kwanza nilijaribu barabarani, kumwamkia mzee mmoja. Bodaboda wawili wakasimama wakidhani nimezidiwa na jua, na muuza maji akaniletea chupa. Nyumbani, Mama Zuhura wa mlango wa pili, mpika vitumbua, akaniuliza, "Wewe Mha, unaua mbu?" Nikamwambia mbu wa Mbagala hawafi kwa makofi. Akasonya. Kesho yake nikamwamkia tena. Ulinifundisha mwenyewe kuwa salamu haingoji mtu aipende.

Sasa sikia. Baada ya matanga yako nilirudi na homa. Nikadhani ni majonzi na uchovu wa treni, nikajifungia. Homa ikapanda mpaka nikaona samaki wetu migebuka wakiogelea kwenye bati. Asubuhi sikuweza kuinuka. Nikalala nasikiliza korido ikipita: ndoo, kandambili, redio, watu wanagombea choo. Watu wote hao, Mama, na mimi sina sauti ya kumwita hata mmoja. Nikakumbuka lile neno lako la harufu. Safari hii sikucheka.

Kisha nikamsikia Mama Zuhura. "Jamani, leo yule Mha hajapiga makofi."

"Labda kasafiri," mtu akasema.

"Kasafiri wapi, na kandambili zake hizi hapa? Huyo hawezi kuondoka bila kutuchosha."

Akagonga. Akagonga tena. Wakausukuma mlango, komeo likang'oka, wakanibeba mpaka zahanati, yeye mbele na upawa wa vitumbua mkononi, akiamuru watu wapishe. Ilikuwa malaria, na ilishafika pabaya. Mganga alisema wangengoja jioni ingekuwa habari nyingine. Yaani ningekuwa naongea na wewe bila barua.

Nimepona. Komeo nimelirudisha. Na jana Mama Zuhura aliweka beseni lake chini, akapiga makofi mawili, vibaya, kama anayekung'uta unga, akaniuliza nimeamkaje. Mama, niliringa. Niliringa mpaka nikasahau kuitikia. Mtu wa pwani, hajawahi hata kuliona ziwa letu, anaamkia kwa mikono yako.

Lala sasa, mama yangu. Mvua zikikatika nakuja Katonga kulijengea kaburi lako. Naahidi. Nitainama pale, nitapiga makofi, nitakuulizia habari zote za huko. Ila nakuomba, usiitikie. Mama Zuhura amesema lazima tuje sote wawili, akapaone kwa huyo aliyenifundisha usumbufu huu, na yeye ni mwoga. Hawezi kustahimili marehemu amuulize kuku wake wameamkaje.

Mwanao,
Mha wa Mbagala